Kipupwe Kimeingia, Nani Ataezeka?

Mtoto wa ndugu yangu anafanya kazi Oslo, huko Norwe. Mwezi wa Februari aliniletea habari iliyonichekesha kwanza, kisha ikaniuma. Alialikwa na wenziwe wa kazini kwenda kupumzika siku tatu kwenye nyumba ya mbao ya jamaa yao, ndani ya msitu, nyumba ambayo kwa lugha yao huitwa hytte. Kijana akafunga safari akitazamia mapumziko. Kufika tu, akapewa koleo na kuambiwa apande juu ya paa akaondoe theluji, maana ikirundikana uzito wake huweza kulivunja. Siku ya pili ikawa ni kupasua kuni na kuzipanga zikauke kwa ajili ya mwaka ujao. Ya tatu, kurekebisha mlango uliokuwa haufungi. "Ami," akaniambia, "hawa watu wana kila kitu mjini, nao wamepanda gari saa tatu nzima kuja kuteka maji kwa ndoo!"

Watu wa Norwe hawafiki milioni sita, na nyumba za namna hiyo wanazo zaidi ya 400,000. Zisidhaniwe zote kuwa za dhiki; nyingi za siku hizi zina umeme na maji ya moto. Ile aliyokwenda kijana wetu ilijengwa na babu wa wenyeji wake, na kila mwaka wajukuu hukutana pale kuitengeneza, hata wale wasiopatana. Kazi ya pamoja isiyo na ujira wao huiita dugnad, na mwaka 2004 walilichagua neno hilo kuwa neno la taifa lao. Nasi tunayo yetu: kikoa, ujima, msaragambo. Maneno tunayo, alhamdulillahi. Wa kupanda juu ya paa ndio wametuadimikia.

Nasema hivi kwa kuwa sisi nasi tuna kibanda chetu. Kiko shambani, nje kidogo ya Takaungu, baina ya minazi na mikorosho, na nyuma yake kuna kichaka ambacho utotoni tulikiita msitu. Marehemu baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikijenga kwa boriti za mikoko na udongo, vyumba viwili na baraza. Kila mwezi wa Agosti, shule zikifungwa, alitukusanya wote saba akatupeleka huko. Masika yalikuwa yamekwisha kutuonyesha paa linavuja wapi, na kipupwe, jua likiwa pole na kusi ikivuma, ndicho kilikuwa wakati wa kuziba.

Jirani yetu wa Kigiriama, mama mmoja mwenye subira, ndiye aliyetufundisha kushona makuti ya viungo. Majani makavu ya mnazi huloweshwa kwanza yalainike, kisha yakakunjwa moja moja juu ya upongoo na kushonwa. Mtoto mvivu huyaacha mbalimbali ili kuti limalizike upesi, na mama yule alikuwa akiliinua kuti juani, akiona mwanga unapenya anakurudishia ufumue. Baba naye juu ya paa alikuwa na ukali wake. Makuti yakaribiane, safu juu ya safu, na mteremko uwe mkali; paa lililolala huweka maji, na likiweka maji limeoza. Paa la hivyo lilituchukua miaka mitano na zaidi. La haraka haraka halimalizi masika ya tatu.

Dada zetu walipika muhogo wa nazi na papa, nasi wavulana tulishushwa kisimani kwa kamba kuzoa matope. Ugomvi ulikuwepo, tena mwingi. Lakini ndugu waliogombana asubuhi, adhuhuri mmoja yuko juu ya paa na mwenziwe yuko chini anampa kuti, na kuti halipokewi kwa kununiana.

Baba alifariki mwaka 1998. Mirathi ikagawanywa kama ilivyoamrishwa katika Suratun-Nisaa, mama akapata thumuni yake, na kilichobaki wanawake fungu na wanaume mafungu mawili. Hapo sina neno, na nani awe na neno? Mama naye akatangulia, ndugu wawili wakafuata, haki zao zikashukia watoto wao. Leo tu warithi 19. Kila mmoja anajua hisa yake mpaka nukta ya mwisho, na hakuna hata mmoja anayejua upongoo unapatikana wapi.

Mwaka jana nilikwenda. Upande wa kusini wa paa umeshuka, mchwa wamepanda nguzo ya pembeni, na juu ya baraza ya baba pameota mpapai. Nilisimama nikaona haya. Miaka yote hii mimi niko Mombasa natunga mashairi juu ya minazi ya kwetu, watu wananipongeza, na kibanda kinaanguka. Mtoto wa yule mama wa Kigiriama ndiye aliyekuwa akiliegemeza paa kwa miti yake mwenyewe. Yeye hana hisa katika karatasi yetu yoyote.

Sasa lipo shauri la kuuza. Mnunuzi ameonekana, bei si mbaya. Mmoja wa dada zangu ana mtoto anayehitaji matibabu na ada ya chuo kwa wakati mmoja. Kumwambia asubiri kwa ajili ya kumbukumbu zangu za utoto ni dhulma, na mimi siitetei. Mwenye haki apewe haki yake. Lakini sheria hiyo hiyo inamruhusu mrithi kutoka kwa kulipwa fungu lake na wenziwe, kwa maridhiano. Kabla ya kumwita mnunuzi wa nje, wale tunaojidai kuipenda shamba tuonyeshe mifuko yetu. Asiyekuwa na fedha alete mikono. Asiyeleta fedha wala mikono, naye anapinga kuuza, huyo anataka nini? Nimeuliza swali hili mbele ya jamaa, na wa kwanza kulijibu ilinibidi niwe mimi.

Kuna wanaosema tupige mabati tumalize. Mabati ya mwambao hula kutu upesi kwa upepo wa chumvi, na ndani yake adhuhuri hakukaliki. Boriti ndizo tabu ya kweli. Zamani baba alizinunua bila ya kuuliza; siku hizi mikoko ina ulinzi, na tangu amri ya kusimamisha ukataji ya mwaka 2018 wakataji wa Lamu wenyewe wamejua shida yake. Nguzo moja iliyoliwa tutaibadilisha kwa mti wa shambani mwetu. Zilizobaki ni nzima, nimezigonga moja moja.

Basi nimeagiza makuti 600 kwa yule yule jirani, kwa bei aliyoitaja, sikupunguza. Wapwa wawili wamekubali kuja Agosti. Kijana wa Oslo ameleta nauli ya gari la kubebea miti. Dada amesema atakuja kupika. Kutia sahihi, bado.