Nyang'hwale: Kialama kinachokwamisha viraka vya programu

Wilaya ya Nyang'hwale ilipatikana mwaka 2012, Geita ilipokuwa mkoa. Kwa wenyeji jina hilo ni la kawaida tu. Kwa kompyuta, ile ritifaa kati ya g na h inaweza kuleta balaa.

Kiraka ni faili dogo linaloeleza mistari gani ya programu ibadilishwe ili kuziba kasoro. Kwenye Linux, amri hutumia ritifaa kufungua na kufunga maneno. Jina la faili likiingizwa kwenye amri bila kukingwa, kompyuta inasubiri ritifaa ya pili ambayo haiji. Faili linarukwa, au kazi nzima inagoma. Tundu la usalama linabaki wazi.

Mtego mwingine: baadhi ya simu huandika ritifaa iliyopinda badala ya iliyonyooka. Kwa macho jina ni lilelile, kwa mashine ni mafaili mawili. Git huionyesha ile iliyopinda kama \342\200\231.

Dawa ipo. Programu ya GNU patch ilianza kusoma majina yaliyofungwa kwa alama za kunukuu tangu toleo la 2.7, la mwaka huohuo wa 2012.

Wapo wanaofuta ritifaa yamalizike. Lakini ng' na ng si sauti moja, na kuanzia Shinyanga hadi Geita majina ya Kisukuma ya aina hiyo yamejaa. Jina lisibadilishwe kwa sababu ya fundi mvivu. Kiraka kijaribiwe kwanza kwenye faili linaloitwa Nyang'hwale, ndipo kisambazwe.