Taa za kuinuka zikibadilishwa, rilei isiachwe

Mazda MX-5 ya kwanza, ya 1989, ilikuwa na taa za mbele zinazoinuka kwa mota; kizazi cha pili kilikuja na taa zisizosogea, na kufikia mwisho wa 2004 mtindo wa taa za kuinuka ulikuwa umetoweka viwandani. Mwenye gari kuukuu ambaye mota zimemfia ana haki ya kufunga taa za kudumu. Ninachopinga ni fundi kuunga balbu mpya kwenye waya mwembamba wa zamani na kusema kazi imekwisha. Balbu mbili za wati 55 hula karibu ampea 9, na umeme wote huo, ukipitia swichi iliyochoka, hupoteza volti njiani. Volti zikishuka kwa asilimia 10 tu, mwanga hupotea karibu theluthi moja. Rilei hutatua hilo: swichi hubeba sehemu ndogo ya ampea ya kuiamsha, na waya mnene wenye fyuzi karibu na betri hulisha balbu moja kwa moja.

Watasema rilei ni kifaa kingine cha kuharibika. Kweli, huharibika; lakini hubadilishwa kwa dakika chache, kwa bei isiyofikia ya swichi iliyoungua. Hoja kwamba taa za kudumu huharibu sura ya gari ni nzito zaidi, nami sina dawa yake. Ila mpenda sura atengeneze mota, asiuache mwanga hafifu. Ukimpelekea fundi gari lako, mwombe akuonyeshe fyuzi ilipo kabla hujamlipa.