Kotmiri si Pambo

Mwaka jana nilirudishiwa mswada wa hadithi niliyoifasiri kwa miezi minane. Katika ukurasa mmoja wa hadithi hiyo mwanamke anatoka bustanini alasiri, amekumbatia mzigo wa majani kifuani, anaketi barazani na kuvuta kinu. Niliandika kwamba alichokikumbatia ni kotmiri. Mhariri, ambaye sitamtaja kwa kuwa ni mtu mwema na ugomvi wangu si naye peke yake, alilifuta neno hilo, akaandika juu yake "giligilani", kisha akaongeza tanbihi: kiungo cha mapishi ya Pwani, hutiwa kidogo juu ya chakula kwa kukipamba.

Usiku ule sikulala vyema. Atakayecheka na acheke. Tanbihi ile fupi imebeba dharau ambayo nimeisikia pia vinywani mwa jamaa zangu wa visiwani, kila ninaporudi nyumbani kutoka Shinyanga ninakoishi kwa mwaka wa kumi na sita sasa. Huniuliza: huko kwenye ugali na ng'ombe mnakula nini? Nami nikiwajibu kwamba mwezi wa Julai huwa tunakula kotmiri hata tukachoka, hudhani nawatania.

Nianze na neno, maana hilo ni jepesi. Mmea ni mmoja, lakini Kiswahili kimeupa majina kwa hesabu ya ulimi. Punje iliyokauka, ile tunayoikaanga na kuisaga pamoja na bizari, ni giligilani, neno lililotufikia kwa njia ya Kiarabu. Jani bichi ni kotmiri, neno tulilolipokea kwa Wagujarati, nao ndugu zetu wa Kenya wakachukua dania kutoka huko huko Bara Hindi. Punje ina utamu mkavu unaokaribiana na ganda la chungwa. Jani lina ukali wa kijani unaopanda puani kabla haujafika kooni. Anayeambiwa atie hili akatia lile amepika chakula kingine. Mwanamke wa hadithi yangu hawezi kukumbatia giligilani kifuani labda awe amebeba gunia la duka la viungo. Kamusi ni mzee wa kuheshimiwa, lakini hata mzee huulizwa alipata kuingia jikoni lini.

Sasa hiyo Pwani. Pwani ya nani? Kotmiri asili yake ni nchi za kandokando ya Bahari ya Kati na Asia ya Magharibi. Punje zake zilikutwa katika kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri aliyezikwa zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Ilikuja kwetu kama ilivyokuja karafuu, ambayo haikukanyaga Unguja ila mwanzoni mwa karne ya 19. Kama zilivyokuja pilipili, tungule na muhogo kutoka Amerika. Kilichoifanya karafuu iwe ya Unguja na Pemba si kuzaliwa hapo. Ni mikono iliyoipanda na kuichuma, na mingi ya mikono hiyo, tusisahau, ilikuwa ya watumwa waliotolewa bara. Ikiwa jasho ndilo hati ya umiliki, basi hati hiyo na asomewe pia mama wa Shinyanga anayechota ndoo ishirini kisimani asubuhi ili tuta lisikauke. Tena huyo ana kazi zaidi ya yetu, kwani mvua ya kule huanza Novemba ikakoma Aprili au Mei, na baada ya hapo ni kisima au hakuna kitu.

Kotmiri haipendi joto, na hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Ukisugua punje kati ya viganja hadi ipasuke vipande viwili, kwa kuwa kila punje ina mbegu mbili, ukaisia mwishoni mwa Mei usiku unapoanza kuwa wa baridi, huota baada ya wiki moja au mbili. Katikati ya Julai tuta zima limekuwa zulia. Haitoi jani moja leo na jingine kesho kama mchicha. Hukuijia yote kwa pamoja, na jua la Septemba likianza kuchoma huinuka bua, hukonda majani, hutoa maua meupe. Basi mwenye bustani ana majuma machache ya neema isiyopimika, na mapishi aliyofundishwa yanamwambia atie "kidogo, kwa kupamba". Zilizobaki afanye nini? Nimeona kwa macho yangu mafungu mabichi, yenye umande bado, yakitupiwa mbuzi sokoni saa tisa alasiri kwa kuwa kila mnunuzi alitaka vikonyo vitatu vya kunyunyizia juu ya wali wa wageni.

Hiki "kidogo" kimetoka wapi? Nadhani kimetoka mijini kwetu, ambako fungu hununuliwa kwa fedha na nyumba ina watu wengi. Ubahili wa lazima ukageuka adabu, adabu ikageuka kanuni, na kanuni sasa inaitwa ustaarabu. Wala sikanushi kwamba Pwani inaijua kotmiri. Kababu zetu, bajia zetu, chatne inayoingia kwenye urojo, vyote vinaitaja. Lakini waliotufunza jina lake hawaitii kwa ncha za vidole. Mgujarati huisaga fungu zima pamoja na pilipili mbichi na ndimu, akaipata chatne nzito ya kuchovyea. Myemeni huitwanga pamoja na thomu na pilipili akaipata sahawiki, na mkate hauliwi bila hiyo. Hata Mreno, ambaye babu zetu walimtoa Ngome ya Yesu mwaka 1698 wala hatukumwuliza alikuwa akila nini kwao, katika jimbo la Alentejo huiponda kotmiri tele kwa thomu na chumvi, akaitia mafuta ya zeituni na maji ya moto, akavunjia mkate mkavu na yai. Hicho ni chakula cha maskini, na kotmiri ndiyo mboga yake.

Wako wasioivumilia, nami siwalaumu. Wao huihisi kama sabuni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliihusisha hisia hiyo na jeni moja ya kunusa, kwa kuwa harufu ya jani hili imo katika kemikali za jamii ya aldehaidi, ambazo hupatikana pia katika sabuni. Hao wasamehewe. Ninaozungumza nao ni wale wanaoipenda kisha wakaionea haya.

Aldehaidi hizo hizo zina jambo jingine la kumfunza mpishi: moto huzifukuza. Kwa hiyo bua na mizizi, ambavyo wengi hutupa, ndivyo vya kutangulia chunguni na kitunguu. Majani hungoja sufuria iteremshwe. Nyumbani kwetu, Julai, wali wa mpunga wa Kahama hupikwa hivyo: mabua yaliyokatwakatwa huenda na mafuta mwanzoni, na wali ukiisha kuiva humiminiwa majani kiasi cha mikono miwili iliyojaa, ukafunikwa dakika tano. Wali hauwi mweupe tena. Sato wa ziwani hupakwa kotmiri iliyotwangwa na ndimu, ndani na nje, na dagaa huingizwa ndani yake badala ya yenyewe kunyunyiziwa juu ya dagaa. Nazi kule ni ghali na hufika imechoka, basi jirani yangu alinifunza kutia karanga: karanga mbichi zilizokaangwa kidogo, kotmiri mafungu manne, pilipili, chumvi, ukwaju, vyote kinuni. Nilipoionja nilinyamaza kwa muda, mimi niliyekuwa nikidhani chatne ni mali ya mnazi. Na maziwa ya mgando, ambayo Usukumani hayana uhaba, yakichanganywa na kotmiri iliyopondwa huliwa na matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, hata mtu akasahau kwamba hakuna nyama.

Msukuma anajua sana namna ya kuishi na wingi, kuliko sisi watu wa visiwa ambao bahari hutugawia kila siku. Wingi akiuona huuanika. Viazi huwa michembe, majani ya kunde huwa nsansa, na njaa ya Januari hukuta ghala lina kitu. Lakini kotmiri humkatalia. Ikianikwa hubaki nyasi; harufu yote imekwenda na jua. Hapa hekima ya kale inahitaji mwenzi, na mwenzi huyo ni chumvi, ndimu na mafuta. Ipondwe mbichi, ifunikwe na mafuta ya alizeti yanayokamuliwa hapo hapo, iwekwe mahali pa baridi, nayo itakaa siku chache zaidi ya fungu lililoachwa sokoni. Ile iliyokwisha toa maua nayo isilaaniwe. Punje zake zikiwa bado za kijani, zikitwangwa, zina ladha ya jani na ya punje kwa wakati mmoja, ladha ambayo haina jina katika kamusi ya mhariri wangu. Zikikauka ni giligilani kweli, na ni mbegu ya Mei ijayo.

Kuna na hesabu ya kuni. Shinyanga ni nchi iliyokatwa miti hata Serikali ikaanzisha mwaka 1986 mradi wa HASHI, wa hifadhi ya ardhi, ili watu warudishe ngitili zao. Kina mama walipika kwa mabua ya pamba na kwa samadi, na moshi wake huwafanya macho kuwa mekundu. Na kwa ajili ya wekundu huo vikongwe wengine waliitwa wachawi wakauawa. Siwezi kuandika habari za jiko la Usukumani nikaliruka hilo. Chatne haitaki moto. Kinu hakitoi moshi.

Nije sasa Geita, ambako tanbihi ile inakuwa hatari zaidi ya kuudhi. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata 2001. Buzwagi ulifunguliwa 2009, na uzalishaji wake ukakoma 2021. Lakini dhahabu ya mkanda huo haichimbwi na wakubwa tu. Nyarugusu, Mgusu, Rwamagasa, kote huko wako wachimbaji wadogo wanaosaga mawe, wanaosuuza unga wake kwenye mialo, kisha wanaikamata dhahabu kwa zebaki na kuichoma donge lake ili zebaki ipae. Inapaa, ndiyo, kisha inashuka. Inashuka juu ya udongo, juu ya maji, na juu ya jani lolote lililo karibu, na jani hunyonya. Mradi wa Umoja wa Mataifa wa kupunguza zebaki ulikwisha fika Rwamagasa katika miaka ya mwanzo ya 2000, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Hata hivyo, nilipokwenda huko mara ya mwisho nilikuta tuta la mboga, zuri, la kijani, hatua thelathini tu chini ya mwalo. Mwenye tuta aliniambia huwa anaziosha kwa maji ya chumvi. Maji ya chumvi huondoa vumbi. Zebaki iliyokwisha ingia ndani ya jani haioshwi na kitu.

Nilipolisimulia jambo hili kwa mtu mmoja wa mjini, msomi, alinijibu: lakini hiyo kotmiri si huliwa kidogo tu? Hilo ndilo neno linaloniuma. Kilichoitwa pambo hakiulizwi kimemea wapi. Hakuna anayepima udongo wa ua la mezani. Anayekula kwa konzi, akala kila siku, tena akala mbichi, huyo ana haki ya kuuliza maji haya yanatoka upande gani wa mwalo. Sheria ya Madini, ilivyorekebishwa mwaka 2017, inawataka wenye migodi wakubaliane na halmashauri kila mwaka juu ya mpango wa kuisaidia jamii. Hujengwa madarasa na zahanati, na ni vyema. Nasema na kijengwe pia kisima kilichopimwa, juu ya mialo na si chini yake, na ekari za bustani kandokando yake, zipewe wanawake wanaowalisha wachimbaji. Atakayesema kwamba hayo ni makubwa mno kwa jani la kupambia atakuwa amethibitisha neno langu.

Nanyi washairi wenzangu, mnaosoma kurasa hizi kabla ya wengine. Tumeimba asumini, tumeimba mkadi, mlangilangi tumeuvika kila mwanamke hata maskini hawezi kupita bila kunukia. Kotmiri sijapata kuikuta katika ubeti. Labda kwa sababu inanuka jiko, nasi tumezoea kumsifu mwanamke akiisha kuoga. Sitamfunza mtu mizani. Ninachoomba ni kwamba mtu asiniambie jani hili si letu ilhali hajawahi kuwa nalo la kutupa.

Mswada nimeurudisha wiki iliyopita. Giligilani nimeifuta nikaandika kotmiri, tanbihi nimeiondoa, na katika bahasha nimetia punje kiasi cha kiganja, pamoja na maelezo ya kuzisugua kabla ya kuzisia.