Paja Linapovimba Ghafula

Kuna maradhi yanayoonekana mara chache, lakini yakikosewa huleta hasara kubwa.

Baba wa nyumba ameishi na ugonjwa wa sukari miaka mingi. Macho yake yamefifia, na figo zimekwisha kudhurika. Siku moja paja lamwuma ghafula, lavimba na kuwa gumu, hata kusimama hawezi. Jamaa wakutana. Mmoja asema: ni jipu, lipasuliwe. Mwingine ataka kulikanda kwa maji ya moto. Wa tatu atafuta wembe wa kuchanjia. Ndugu, ngojeni kwanza!

Sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu huharibu mishipa midogo. Msuli usiopata damu ya kutosha hufa sehemu yake. Madaktari waliandika habari za ugonjwa huu mara ya kwanza mwaka 1965. Mara nyingi hushika paja; pengine shavu la mguu.

Kuutambua si kazi ya macho tu. Usaha ndani ya msuli, ambao si haba katika nchi za joto, hufanana nao. Vilevile damu iliyoganda katika mshipa. Hayo mawili hayangoji. Kwa hiyo mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile. Huko watapima damu na kuangalia mishipa kwa ekografi. Palipo na mashine ya picha ya sumaku, ndiyo huonyesha msuli vizuri zaidi. Kukata kipande cha msuli hufanywa pakiwa na mashaka tu, kwani kupasua hukawiza kupona.

Tiba yenyewe ni ya saburi: kupumzisha mguu, kutuliza maumivu, na kuirudisha sukari katika kipimo chake. Mara nyingi daktari huongeza aspirini kidogo. Lakini msinunue dawa za maumivu ovyo, maana nyingine huumiza figo. Maumivu hupungua baada ya majuma au miezi. Ndipo mgonjwa aanze kuuzoeza mguu taratibu.

Tena tusijidanganye: maradhi haya hurudi mara nyingi, pengine katika mguu wa pili. Paja lililovimba ni shahidi kwamba sukari imekwisha kuidhuru mishipa ya mwili mzima. Basi jamaa wasaidiane na mgonjwa kila siku katika chakula na dawa, hata baada ya maumivu kwisha.