Kutu Si Mlaji: Hoja Kuhusu Istilahi za Ulikaji

Katika Kiswahili, chuma huliwa na kutu. Usemi huu tumeuzoea, na hata tunapomzungumzia mtu aliyeacha kusoma husema akili yake imeshika kutu. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba usemi huo, pamoja na uzuri wake, unamtia hatiani asiye na hatia, na kwamba kosa hilo lina gharama kwa mkulima, fundi na mwenye nyumba katika Nyeri na miji mingine iliyouzunguka Mlima Kenya.

Tuanze na sarufi. Katika sentensi 'bati limeliwa na kutu', kutu ndiyo mtenda. Kemia inakataa. Kinachokila chuma ni maji pamoja na oksijeni, nazo chumvi na asidi huiharakisha kazi hiyo. Kutu ni kile kinachosalia baada ya chuma kuungana na viwili hivyo. Kwa maneno mengine, kutu si mlaji. Kutu ni makombo. Ni kweli kwamba makombo hayo hunyonya unyevu na kuuhifadhi, na hivyo huusaidia ulaji kuendelea, lakini si yaliyouanzisha. Lugha inapoyaita makombo mlaji, watumiaji wake hujifunza kuyatafuta makombo. Wasipoyaona, huamini kwamba hakuna kilicholiwa.

Hapo ndipo penye hatari. Tutazame sufuria zinazosifiwa kuwa hazishiki kutu. Chuma chake kina kromi, nayo hujenga utando mwembamba mno unaoufunika uso wote kama vazi. Mpishi akitia chumvi katika maji baridi, chembe zikatua chini kabla ya kuyeyuka, kloridi iliyomo inaweza kuupasua utando huo mahali padogo. Kuanzia hapo ulaji wote huelekezwa katika kishimo hicho kimoja, nacho huzama chini badala ya kutanda. Sufuria ingali inang'aa, kutu haionekani, ilhali imeanza kutoboka. Muuzaji hakusema uongo. Ni lugha iliyompa mnunuzi neno moja tu la kuulizia.

Mfano wa pili unatoka shambani. Wakulima wa kahawa wa Othaya, Tetu na Mathira wanaujua ugonjwa uitwao kutu ya majani, unaoletwa na kuvu. Miongoni mwa dawa zake za tangu zamani ni zile za shaba. Dawa hiyo ikiachwa katika chombo cha bati, shaba iliyoyeyuka hujibandika juu ya zinki na chuma, na metali iliyo kando ya kila chembe ya shaba huanza kulika. Basi dawa ya kutu moja huzaa ulikaji mwingine, nasi hatuna la kumwonya mkulima ila kwa neno lile lile.

Aidha, mabati mapya yakirundikwa na unyevu kati yake, katika baridi na ukungu wa Julai, hufanya unga mweupe. Unga huo ni mabaki ya zinki, yaani ngao yenyewe ya chuma. Kwa kuwa si mwekundu, mnunuzi huupangusa na kuezeka, asijue kwamba sehemu ya umri wa paa lake imekwenda na kitambaa.

Kwingineko duniani kutoonekana huku kumeua. Tarehe 15 Desemba 1967, daraja lililoitwa Silver Bridge juu ya mto Ohio, Marekani, liliporomoka na watu 46 wakafa. Uchunguzi ulifichua ufa wa kina cha milimita 2.5 hivi katika kipande kimoja cha chuma, ufa uliokuzwa na ulikaji ukishirikiana na uzito. Ulikuwa mahali ambapo jicho lisingeufikia bila kukifungua kiungo.

Huenda msomaji akauliza: je, haya si ya wanakemia? Nyeri ina Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, na wahandisi wanafunzwa humo. Naam, lakini wanafunzwa kwa Kiingereza, kisha wanakutana na fundi wa jua kali anayefanya kazi yake kwa Kikuyu na Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Haikusema kiishie mahakamani na bungeni. Wala maneno hayakosekani kabisa: TUKI ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kinachotukwaza ni umbali kati ya kamusi na karakana.

Kwa maoni yangu, tuanze na neno ulikaji. Kitenzi -la huzaa -lika, na katika 'bati limelika' hatulazimiki kumtaja mtenda. Nafasi yake hubaki wazi, nasi hubaki tukimtafuta. Kutu libaki jina la makombo mekundu ya chuma. Kwa vile vishimo vizamavyo, napendekeza utobokaji.

Hata hivyo, fundi ana neno ambalo huenda likatushinda sote. Yeye husema bati limeoza. Wasomi tunaweza kulicheka, kwani kuoza ni kwa nyama na matunda. Lakini jino nalo huoza: juu tundu dogo, ndani pango. Hakuna taswira iliyo karibu zaidi na utobokaji wa metali, nayo imetoka kwa watu wasiowahi kufungua kamusi ya kemia.

Hivyo basi, wanafunzi wenzangu, tunapotafuta mada za tasnifu, tusiishie rafuni mwa riwaya. Twende kwa mafundi wa Karatina, Kerugoya na Nanyuki, tuyaandike maneno yao pamoja na maana wanazoyapa, kisha tuyapeleke kwa wanakemia wayapime. Istilahi itakayopatikana hivyo itamfaa anayenunua bati kabla hajalipa.