Mchagua Kishikio Ndiye Fundi

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Shambani wana haki, maana ardhi haimsubiri mtu anayepima uzito wa mpini. Lakini methali hiyo imehamishwa hadi karakana, na huko imekuwa kinga ya wavivu. Fundi akiulizwa kwa nini ameshika kazi yake kwa chombo kisichofaa, hujibu kwamba kazi ni mkono, chombo ni chombo tu. Mimi nasema hapana. Mahali ambapo umeme unazungusha na chuma kinakata, asiyechagua kishikio si fundi, ni mcheza kamari.

Nataka kuzungumzia kazi moja ambayo wengi nyumbani hawajaiona: kutayarisha maganda ya risasi ili yajazwe tena. Mimi ni mzaliwa wa Olbalbal, bonde linalopokea maji ya Korongo la Oldupai. Ndani ya Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro hakuna uwindaji wa kitalii, kwa hiyo ujana wangu niliufanyia kazi mbali, katika vitalu vya uwindaji, nikifuata nyayo mbele ya wageni wenye bunduki. Baadaye nilifanya kazi katika karakana moja Afrika Kusini, nchi ambayo sheria inamruhusu mwenye leseni ya bunduki kujaza risasi kwa matumizi yake mwenyewe. Simfundishi mtu kufanya hivyo hapa kwetu. Sheria yetu ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haichezewi, na baruti haichezewi kabisa.

Ndugu msomaji, risasi ina sehemu nne: ganda la shaba ya njano, fataki kwenye kitako, baruti ndani, na kichwa mdomoni. Ikilipuka, vitatu vinakwisha au vinaondoka, ganda linabaki. Ganda hilo huweza kutumika tena, lakini shaba hutiririka. Kila likifyatuliwa na kubanwa upya kwenye kalibu, shingo yake hurefuka kidogo. Ganda la 375 Holland & Holland, risasi ya mwaka 1912 inayopendwa mpaka leo kwa nyati, halitakiwi kuzidi milimita 72.39. Likizidi, mdomo wake unagonga mwisho wa chemba na kukibana kichwa kisitoke kwa wepesi, na msukumo wa gesi unapanda ghafla. Ndiyo maana mdomo hukatwa, kisha hulainishwa ndani na nje. Mwenye maganda kumi hufanya kwa mkono. Mwenye maganda elfu moja hutafuta mota.

Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanza. Ukiingia dukani, muuzaji atakusifia mota: nguvu yake, kasi yake, maganda mangapi kwa saa. Ukiuliza ganda linashikwa na nini, atakuonyesha kidude kimoja na kukuambia kinashika yote. Ati kinashika yote! Kitu kinachoshika kila kitu kwa kawaida hakishiki chochote sawasawa.

Tuvitazame vishikio vyenyewe. Kuna kile chenye mfuo unaoingia ukingo wa kitako, na kila jamii ya maganda ina cha kwake. Katika mtindo mmoja wa namna hii, kishikio hufungwa kwenye drili, na kisu chenye pini huingizwa mdomoni mwa ganda. Pini inapita katika tundu la fataki na kugota kwenye kishikio chenyewe. Urefu unaamuliwa na pini na kishikio. Mota haina kauli hapo, na ndivyo inavyopasa. Ubaya wake ni kwamba lazima ununue kimoja kwa kila jamii, na namba za watengenezaji hazilingani: ganda la 30-06 linataka namba 3 ya RCBS, namba 2 ya Lee, namba 1 ya Hornady. Asiyesoma atalazimisha kisichoingia, au ataridhika na kinachocheza.

Cha pili ni koleti, yaani bomba fupi lililopasuliwa ambalo likikazwa hubana. Hiki ndicho wanachokiita cha wote. Ni chepesi kutumia, sikatai. Lakini koleti nyingi huvuta ganda nyuma zinapokaza, na kingo za maganda hazilingani kipenyo, hata ya kiwanda kimoja. Ukingo mnene unasimama hapa, mwembamba unasimama pale, na kisu hakijui tofauti hiyo. Unapata maganda mia yenye urefu wa namna tatu, huku mota ikiimba vizuri sana.

Cha tatu hakishiki kitako hata kidogo. Ganda linashikwa kwa vidole, linasukumwa ndani ya mashine mpaka bega lake ligote, kisu kinakata. Kwa kasi hakuna kinachoshindana nacho. Lakini kwanza ganda lazima liwe limerudishwa umbo lake kwenye kalibu, la sivyo unapima kutoka kwenye bega ambalo halipo mahali pake. Na je, 458 Winchester ya mwaka 1956, ambayo haina bega? Hapo mashine ya kasi inabaki pambo la meza.

Kwa hiyo kanuni yangu ni fupi. Shika kitakoni, ambako shaba ni nene, wala si kiwiliwilini ambako ni nyembamba na hubonyea. Hakikisha ganda linalozungushwa haliyumbi, maana likiyumba mdomo unakatwa upande. Kipimo kitoke kwenye kitu kisichosogea. Usivae glovu mbele ya chuma kinachozunguka. Kisha pima kwa vernia ganda la kwanza, la kumi na la mia. Mota iwe kitu cha mwisho kununuliwa.

Wapo watakaosema nakuza jambo dogo. Nawaomba wakumbuke kilichofukuliwa jirani na kwetu. Mwaka 1960 iliokotwa Oldupai mifupa ya mkono wa kiumbe ambaye mwaka 1964 Louis Leakey, Phillip Tobias na John Napier walimpa jina la Homo habilis, mtu stadi. Napier huyo ndiye aliyeandika mwaka 1956 kwamba mkono una mishiko miwili mikuu, wa nguvu na wa usahihi. Fikirini maana yake. Wataalamu walipotaka kujua kama kiumbe yule alikuwa fundi, waliuliza mkono wake uliweza kushika namna gani. Jiwe la kugongea halifai kitu ikiwa jiwe linalogongwa limeshikwa ovyo. Na wahunzi wetu, Ilkunono, ambao Wamaasai tuliwatenga na kuwanyima mabinti huku tukiwapokea mikuki yao, hawakuweza kufanya lolote bila koleo. Sisi tulisifu nyundo kwa sababu inapiga kelele. Koleo limekaa kimya, na moto umelijua.

Sasa niseme linaloniuma. Mgeni anayejaza risasi zake kwao na kuja nazo amepanga hesabu yake: bunduki yake, mnyama wake, bahati yake. Lakini hayuko peke yake. Mbele yake hatua chache yupo mfuata nyayo, kijana wa Kimaasai au Kihadzabe au Kisukuma, asiye na bunduki. Niliwahi kusimama hapo. Nyati yupo majanini, mgeni anasukuma boliti, na boliti haifungi kwa sababu ganda ni refu. Yule nyati aligeuka akaenda zake, na mgeni alicheka na kulaumu bunduki. Mimi niliokota ile risasi na kuitazama mdomo: umekatwa mshazari, upande mmoja juu, upande mmoja chini. Bunduki haikuwa na kosa. Ganda lilishikwa vibaya, maelfu ya kilomita kutoka pale, na mtu aliyekuwa na haraka.

Anayesema kishikio ni jambo dogo, basi asimame yeye mbele. Akikataa kusimama, aache kutuimbia habari za kasi ya mota. Jembe bovu litampunguzia mkulima magunia. Kishikio kibovu deni lake hulipwa na mwingine, ambaye hakuulizwa wakati wa kununua. Kwa sababu hiyo kuchagua ni wajibu, na anayechagua kwa muda mrefu dukani asichekwe. Anawachagulia na wengine.