Ndinga ya Kijana wa Mshahara Imefungiwa Stoo na Matajiri, Halafu Mastaa Wanatuuzia Sura!

Kila wiki mtandaoni hakosekani staa wa Marekani aliyeegemea boneti ya gari la zamani. Miwani ya jua ipo, cheni ipo, mguu mmoja umepandishwa kwenye bampa. Maneno chini ya picha ni yale yale: ndoto imetimia. Likes zinamiminika, mashabiki wanajaza vimoto, na wambea wanataja bei kana kwamba wao ndio waliolipa.

Swali dogo tu kwa bosi: hiyo ndinga mara ya mwisho iliwashwa lini?

Maana wapo wasioweza kujibu. Gari linashushwa kwenye trela asubuhi, linapigwa picha, linarudishwa kwenye trela kabla jua halijazama. Hata kilomita moja halijatembea. Na nyuma ya mastaa wapo matajiri wasiopenda kamera, wanaoyanunua magari haya mnadani, wanayafunika shuka na kuyaweka kwenye ghala lenye kiyoyozi wakisubiri bei ipande. Hawa wawili, mpiga picha na mfungia stoo, ndio wanaoua kile wanachojidai kukipenda.

Tuanze na historia, maana wengi wanaoposti hawaijui.

Magari ambayo Wamarekani wanayaita magari ya misuli hayakutengenezwa kwa ajili ya matajiri. Siri yake ilikuwa rahisi: chukua gari la kawaida la saizi ya kati, lisukumie injini kubwa ya silinda nane, kisha liuze kwa bei ambayo kijana mwenye mshahara anaiweza kwa mkopo. Basi.

Mwaka 1964 Pontiac walitoa GTO. Mabosi wa General Motors, waliokuwa wanaimiliki Pontiac, walikuwa wamekataza magari ya saizi hiyo kuwekewa injini inayozidi inchi 330 za ujazo. Wahandisi wa Pontiac, akiwemo John DeLorean, wakapita mlango wa nyuma. Injini ya inchi 389, kama lita 6.4 hivi, ikatolewa kama nyongeza ambayo mteja anaichagua mwenyewe, kwa dola zisizofika 300. Mwaka huo peke yake ziliuzwa zaidi ya 32,000. Miaka minne baadaye Plymouth wakaja na Road Runner, gari lililovuliwa mapambo karibu yote ili bei ianzie chini ya dola 3,000. Ndani kukavu, nje kukavu, lakini ukikanyaga mafuta kichwa kinagonga kiti.

Hiyo ndiyo asili yake. Vijana wa viwandani, mafundi, watoto wa mtaani wenye kazi yao ya kwanza. Kule Detroit walikuwa wanakutana usiku barabara ya Woodward, taa ikiwaka kijani wanapimana nguvu. Hakuna aliyekuwa na shuka la kufunikia gari.

Sasa njoo kwenye hili neno "adimu", ambalo wauzaji wanalitamka kama dua. Unajua kwa nini mengi ya magari haya ni adimu? Kwa sababu yalidoda!

Chukua Chevrolet Camaro ZL1 ya mwaka 1969. Zilitengenezwa 69 tu. Injini yake ya alumini ilikuwa ghali kiasi kwamba bei ya gari ilipita dola 7,000, zaidi ya mara mbili ya bei ya Camaro ya kawaida. Wauzaji walikaa nazo mpaka wakachoka, baadhi zikarudishwa. Plymouth Superbird ya 1970, ile yenye pua ndefu na bawa refu nyuma, ilizubaa kwenye yadi za magari mpaka wengine wakaing'oa pua na bawa ili angalau ifanane na gari la watu. Na 'Cuda ya 1971 isiyo na paa, yenye injini ya Hemi ya inchi 426? Zinahesabika 11. Mwaka 2014 moja iliuzwa mnadani kwa dola milioni 3.5. Enzi zake hiyo injini ilikuwa nyongeza ya karibu dola 900, na kampuni za bima zilikuwa zinawakamua vijana mpaka wakakimbia. Hapohapo sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ikabana injini, kisha mwaka 1973 Waarabu wakafunga bomba la mafuta, na mchezo ukaisha.

Kwa hiyo tajiri anayejigamba na uadimu anajigamba na gari ambalo wenzake wa enzi hizo walilipita wakaenda zao. Uadimu unapandisha bei, hilo halina ubishi. Ila bei ni kitu kimoja na thamani ni kitu kingine.

Na uchu huu wa uadimu umezaa utapeli. Unakuta GTO ya 1966 inang'aa kama kioo, nembo zote zipo, muuzaji anaapa kwa mama yake. Ukisoma namba ya chesisi, haianzi na 242. Maana yake ilizaliwa Tempest au LeMans ya kawaida, ikavalishwa nguo za kuazima. Kwa Plymouth na Dodge za mwaka 1970, herufi ya tano kwenye namba ya chesisi ndiyo inataja injini iliyotoka nayo kiwandani. R ni Hemi ya 426. Kama R haipo, hiyo Hemi imepandikizwa. Kupandikiza si dhambi, dhambi ni kuuza kopi kwa bei ya orijino. Na staa anayeposti kopi akiita orijino anawasaidia matapeli, ajue asijue.

Watetezi wao wana jibu moja: "Tunahifadhi historia." Kuhifadhi gani huko? Gari linalokaa bila kuwashwa linaoza kimyakimya. Petroli inaganda kwenye kabureta, mipira inakauka na kupasuka, tairi zinabonyea upande mmoja. Fundi yeyote wa gereji atakwambia, gari linakufa zaidi kwa kusimama kuliko kwa kutembea.

Na hata hiyo pesa wanayoiabudu inawapinga. Mustang GT ya 1968 aliyoiendesha Steve McQueen kwenye filamu ya Bullitt, ile inayokimbizana kwenye vilima vya San Francisco, mwaka 1974 ilinunuliwa na familia ya kawaida tu. Mama wa nyumba hiyo alikuwa mwalimu, akawa anaenda nayo kazini. Mwalimu! Mwaka 1977 McQueen mwenyewe aliandika barua akitaka kuinunua, wakamkatalia. Klachi ilipokufa mwaka 1980 ikaegeshwa. Januari 2020 ikaingia mnadani Florida ikiwa na kutu, mibonyeo na rangi iliyochoka, ikaondoka kwa dola milioni 3.74. Wakati huo hapakuwa na Mustang iliyowahi kuuzwa mnadani kwa bei kubwa kuliko hiyo. Ndiyo, ililala miaka mingi. Lakini kilicholipiwa si usingizi wake. Kililipiwa alichofanya McQueen nyuma ya usukani, na zile safari za mwalimu kwenda shule.

Matajiri wasisahau jambo moja. Bei zao zimesimama juu ya watu waliosikia mlio wa V8 wakiwa watoto, wakaota siku moja watalipata gari lile. Kizazi cha sasa kitalipendaje gari ambalo hakijawahi kulisikia, linaloonekana tu kwenye picha likiwa limezimwa? Wale wazee wakiondoka, nani atapandisha mkono mnadani? Wanaofungia stoo wanakata tawi walilokalia.

Mfano mzuri upo palepale Detroit. Tangu mwaka 1995, kila Agosti watu wanajaza barabara ya Woodward na magari ya zamani. Mazima, mabovu, orijino, yaliyopandikizwa injini, yote barabarani, na watoto wamekaa pembeni kwenye viti wanayasikiliza. Hakuna kamba, hakuna kiingilio. Huko ndiko historia inakohifadhiwa.

Kwa hiyo mdau, ukimwona tena staa ameegemea boneti, usikimbilie kuweka kimoto. Mwandikie maneno matatu tu: washa tusikie, bosi.